Kuvuka kisiwa kwa baskeli na kikundi: Unguja au Pemba?

Kila kipupwe kikikaribia, swali hili hurudi: kikundi chetu kinataka kutoka ncha moja ya kisiwa hadi nyingine kwa baskeli, tuifanye Unguja au tuvuke kwenda Pemba? Wengi huchagua kwa ramani. Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi kutoka kusini hadi kaskazini, Pemba kama 67, basi huamua kuanza na Pemba kwa kuwa ni fupi. Uamuzi huo umewachosha watu wazima wenye nguvu zao, wakafika mji wa Chake Chake na magoti yanatetemeka, na safari bado haijafika nusu.

Ukitaka kuchagua vizuri, mtazame mtu wa mwisho katika msafara wenu. Simsemi yule wa mbele mwenye suruali ya michezo na baskeli ya gia 21. Namsema yule anayekuja nyuma kabisa, pengine dada aliyejifunza kupanda mwaka jana, pengine mzee wa ofisini aliyesukumwa na daktari afanye mazoezi. Kikundi kinafika pale anapofika yeye. Visiwa hivi viwili vinamwacha nyuma mtu huyo kwa njia tofauti: Unguja kwa magari na jua, Pemba kwa milima. Ukishajua wako ataachwa na kipi, nusu ya uamuzi umeshaufanya.

Ardhi

Unguja upande wa mashariki na kusini ni uwanda wa mawe, tambarare. Kutoka Makunduchi kwenda Jambiani hadi Paje unanyonga saa nzima na huoni kilima cha kukushusha kitini. Upande wa magharibi, penye udongo mzito na mashamba, ndiko kwenye mipando na mishuko, lakini ni ya kistaarabu. Mtu mwenye baskeli ya kawaida isiyo na gia anaipanda akiwa bado anazungumza.

Pemba ni habari nyingine. Watu hudhani ina milima mirefu, na si kweli: sehemu ya juu kabisa ya kisiwa ni kama mita mia hivi tu, haipishani sana na matuta ya Masingini huku Unguja. Shida yake ni wingi. Kilima, bonde la mpunga, kilima, bonde la mpunga, hivyo hivyo tangu Mkoani hadi unakaribia Konde. Kila mita uliyoipanda kwa jasho unaipoteza ukishuka bondeni, na ng'ambo ya bonde unaanza upya. Hakuna mahali pa kunyoosha miguu kwa mwendo mmoja. Mwisho wa siku umepanda mlima mkubwa, ila umeupanda vipande vipande.

Na hapa ndipo kikundi kinapokatika. Wenye nguvu wanashuka kwa kasi, wanatumia kasi ile ile kupanda nusu ya kilima cha pili. Wa mwisho anashuka ameshika breki kwa woga, anafika chini hana kasi, anapanda tangu mwanzo kwa miguu yake. Kila bonde linaongeza nafasi kati yao. Wale wa mbele wakisimama juu kumsubiri wanapumzika dakika kumi, wanakunywa maji, wanapiga picha. Akifika tu, mtu anasema "haya twendeni," na yule maskini hakupata hata dakika moja. Ameanza kilima kinachofuata akiwa amechoka zaidi ya wote na amepumzika kuliko wote kidogo. Kikundi chochote kinachokwenda Pemba kikubaliane mapema: tunasubiriana juu ya kilima, si chini, na mapumziko yanaanza kuhesabiwa pale wa mwisho anapotia mguu chini.

Wenyeji wenyewe hawaoni haya kushuka. Kwenye mpando mmoja mkali kabla ya Chake nilimpita mzee akiisukuma baskeli yake ya Phoenix, gunia limefungwa kwenye kerea kwa mpira wa tyubu kuukuu, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeshika gunia lisilale. Nilipompa shikamoo aliitikia, akanitazama ninavyohema, akasema: "Shuka, mwanangu. Huku mlima hatushindani nao. Twashuka, twasukuma, tukifika juu twapanda." Nikashuka, tukasukuma pamoja. Ushauri ule nauchukulia kwa uzito wake. Kikundi kikiona kushuka ni aibu, kisiende Pemba.

Magari

Unguja inamchosha mtu wa mwisho kwa hofu. Barabara ya kutoka mjini kwenda Nungwi kupitia Mahonda na Kinyasini ina gari za watalii zinazowahi hoteli, malori ya mawe na mchanga, na daladala inayosimama ghafla kwa sababu abiria amegonga bodi. Pembeni mara nyingi hakuna nafasi ya kukimbilia. Mtu asiyezoea akipitwa na lori karibu na bega lake mara kadhaa, anakaza mikono, anakaza shingo, na uchovu wa kukaza ni mbaya kuliko wa kunyonga.

Kosa linalofanywa na vikundi vingi ni kwenda watu 20 katika msururu mmoja. Unapendeza kwa picha, lakini dereva hawezi kuupita wote kwa mara moja, hivyo huingia katikati yao anapokutana na gari la mbele. Gawaneni watano watano, kila kundi liache nafasi ya gari mbili au tatu kuingia na kupumua. Kila kundi liwe na mtangulizi anayeijua njia na mtu wa nyuma asiyempita yeyote hata akiombwa. Gari la msafara, kama lipo, likae nyuma kabisa likiwa limewasha taa, lisiende mbele kutafuta kivuli.

Dawa kubwa zaidi ni kuchagua njia. Msianzie mjini. Zipakieni baskeli kwenye lori alfajiri hadi Makunduchi, au Kizimkazi kwa wanaotaka kuanzia kwenye msikiti wa Dimbani, ambao maandishi ya kibla chake yana mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Kutoka hapo mnafuata pwani hadi Paje, mnakata magharibi mpaka Jozani, kisha mnachukua njia ya Kaebona, Cheju na Jendele. Njia hii wengi hawaifikirii. Inakutoa kwenye barabara ya Makunduchi na kukutia kwenye ya Chwaka bila kurudi mjini, na katikati yake kuna mabonde ya mpunga ya Cheju, upepo mtupu na magari machache. Kutoka Chwaka mnapanda na pwani, Uroa, Pongwe, Kiwengwa, halafu kaskazini hadi Nungwi. Kwa njia hii Unguja inakuwa zaidi ya zile kilomita 85 za ramani, lakini ni kilomita za amani.

Pemba magari ni machache, na madereva wake wana subira ya kusubiri nyuma ya baskeli mpaka kilima kiishe. Kwa mtu anayeogopa magari kuliko anavyoogopa milima, hilo peke yake linatosha kumfanya avuke bahari. Njia nayo haina utata: Mkoani, Chake, Wete, Konde, msitu wa Ngezi, mnara wa taa wa Kigomasha. Kati ya Chake na Wete ipo barabara ya zamani, inayopinda na kupita chini ya miti, na ipo ile ya Chake hadi Konde iliyo wazi zaidi. Kikundi kikubaliane ni ipi kabla hakijatoka Chake, la sivyo wa mbele watasubiri njia moja na wa nyuma watapita nyingine.

Upepo na msimu

Hili ndilo ambalo wavuvi wanalijua na wapanda baskeli wanalisahau. Kusi linavuma kutoka kusini, kuanzia kiasi cha Juni hadi Septemba. Kaskazi linavuma kutoka kaskazini mashariki, Disemba hadi Machi. Kwenye uwanda wa Unguja usio na milima ya kukinga, upepo ndio mlima wako. Wakati wa kusi anzieni Makunduchi muelekee Nungwi, upepo uwasukume mgongoni. Wakati wa kaskazi geuzeni safari. Nimeona vikundi vikianza Nungwi mwezi wa saba kwa sababu tu hoteli ya usiku wa kwanza ilikuwa huko, vikafika Paje watu hawasemezani.

Pemba upepo hauna nguvu hiyo, kwa kuwa mabonde na miti vinaukata. Kinachotawala kule ni mvua. Pemba hunyeshewa zaidi ya Unguja, na udongo wake mwekundu ukilowa unajaza madigadi mpaka tairi linakataa kuzunguka. Kwenye lami mtapita, lakini ukiingia njia za pembeni kwenda Pujini kuona magofu ya Mkama Ndume, au Kidike kuona popo, siku ya mvua utaibeba baskeli badala ya yenyewe kukubeba wewe. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, visiwa vyote viwili viacheni. Vuli Unguja inavumilika.

Msimu wa karafuu Pemba ina jambo lake. Pembezoni mwa barabara watu huanika karafuu juu ya majamvi, na harufu yake inaanza kukupokea kabla hujaziona. Msizikanyage hata kwa bahati mbaya. Ule ni mwaka mzima wa mtu umelala pale, unasubiri kupelekwa kuuzwa kwenye Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, ZSTC. Mtangulizi akiona majamvi mbele apige kengele na kunyoosha mkono, kundi lote lisogee.

Kwa majira yote, jua lina sheria moja. Tokeni baada ya sala ya alfajiri, mkiona barabara vizuri. Saa tano muwe chini ya kivuli. Mkae mpaka mmesali laasiri, ndipo mmalizie kipande kilichobaki kabla ya magharibi. Misikiti ya vijijini ina bomba la maji, baraza na kivuli. Msafara wenye adabu hupokewa vizuri. Na Ramadhani msipange kabisa. Kufunga na kunyonga jua likiwa kali ni hatari, na kula hadharani mchana mbele ya watu waliofunga ni jambo ambalo Zanzibar halikubaliki.

Baskeli yenyewe

Unguja unaweza kuimaliza na baskeli nzito ya Kichina isiyo na gia, maadamu kiti kimepandishwa juu kiasi cha mguu kukaribia kunyooka. Pemba hapana. Pemba inataka gia, na kabla ya gia inataka breki. Watu hukagua cheni na tairi, wakasahau raba za breki, nazo ndizo zinazoliwa na ile mishuko. Kikundi kinachokwenda Pemba kibebe raba za akiba kwa kila aina ya breki iliyomo msafarani, na jioni mtu mmoja apite baskeli moja moja akikaza nyaya.

Vifaa vya pancha ni lazima kote: tyubu, solusheni, viraka, pampu, spana. Ukiishiwa Unguja, utapata fundi karibu kila kijiji kikubwa, na vipuri vipo Darajani na Mwanakwerekwe. Pemba mafundi ni hodari, lakini vipuri vya baskeli za kisasa usitegemee nje ya Chake na Wete.

Unguja ina raha moja ambayo Pemba haina kwa kiwango hicho: kupanda ufukweni. Maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, siku za kupwa na kujaa kukubwa, mchanga kati ya Bwejuu, Paje na Jambiani unakuwa mgumu na mpana, na kikundi kizima kinaweza kwenda sambamba kikizungumza, jambo lisilowezekana barabarani. Lakini chumvi inakula cheni usiku huo huo. Mkifika, kabla ya mtu yeyote kwenda kuoga, baskeli zimwagiwe maji baridi ya kisima, zifutwe, cheni itiwe mafuta. Atakayesema "nitafanya asubuhi" ataikuta cheni ina rangi ya kutu na inalia kila anapokanyaga pedali.

Kwa dada zetu: nchi za Makunduchi na Jambiani wanawake wanapanda baskeli kila siku, hakuna atakayekushangaa. Ila buibui na gauni pana vinataka baskeli yenye kava la cheni, na ncha ya nguo ifungwe pembeni kabla ya kuanza. Wanaume nao wajistiri magoti wakipita vijijini.

Kula na kulala

Unguja hili halina tatizo. Pwani yote ya mashariki ina nyumba za wageni za kila bei, na chakula kipo kila kona: chapati na maharage ya nazi, muhogo, samaki, madafu. Kikundi cha watu 15 kinaweza hata kubadili mpango saa kumi jioni na bado kikapata pa kulala.

Pemba lazima mpange. Nyumba za wageni zipo Chake, Wete na Mkoani, lakini vyumba si vingi, na kikundi kikubwa kikifika bila taarifa kitagawanyika mitaa mitatu. Agizeni chakula siku moja kabla. Mama lishe akijua mnakuja watu 15 mtakula mkashiba, asipojua mtagawana alichokuwa nacho. Mkipita au kulala kijijini, mtu mmoja atangulie kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo, kutoa taarifa. Ni heshima, na pia ndiyo njia ya kupata msaada haraka mtu akianguka.

Halafu kuna bahari. Siku ya kufika Mkoani kwa meli msipande baskeli. Mkondo wa Nungwi, kati ya visiwa hivi viwili, wakati wa kusi unatapisha watu, na mtu aliyetapika njia nzima hawezi kuanza vilima mchana. Lala, kunywa maji, anza kesho yake. Hivyo Pemba inahitaji siku mbili zaidi za kwenda na kurudi, na likizo ya wenzenu ndiyo itakayosema kama zipo.

Kampuni au kikundi chenu?

Kampuni ya utalii inakupa gari la nyuma, fundi, maji baridi na mtu anayejua njia. Hakikisheni imesajiliwa na Kamisheni ya Utalii, na ulizeni swali moja ambalo wengi hawaulizi: mtu akishindwa, anapanda gari halafu inakuwaje? Wapo wanaompeleka moja kwa moja hotelini, safari yake ikaishia hapo. Wapo wanaompitisha kilima au viwili kisha wanamshusha aendelee na wenzake. Chagueni hao wa pili.

Kwa Unguja naona wenyeji hatuhitaji kampuni. Mkiwa na mtu mmoja mwenye pikapu na wawili wanaojua kuziba pancha, mnatosha, na aliyechoka kabisa anaweza kupakia baskeli juu ya daladala akatutangulia. Kwa Pemba, kikundi kinachokwenda mara ya kwanza kiwe na gari, iwe ya kampuni au ya kukodi kwa mwenyeji. Si kwa ajili ya mizigo. Ni kwa ajili ya yule wa mwisho, ajue kwamba akishindwa kilima cha kumi na moja atapakiwa hadi juu na ataendelea.

Basi nani aende wapi

Kama wa mwisho wenu hajawahi kupanda kilomita 30 kwa siku moja, nendeni Unguja kwa njia ya pwani na Cheju, siku tatu, kusi likiwa mgongoni. Kama ana woga wa magari lakini mapafu yake ni mazima, mpelekeni Pemba. Atafurahi kuliko wote. Kama kikundi kina baskeli za aina mchanganyiko, nusu hazina gia, Unguja. Kama mmeshafanya Unguja pamoja na mmejifunza kusubiriana, Pemba ndiyo inayofuata, na mimi nikiulizwa moyo wangu uko wapi, uko huko: kwenye kile kipande baada ya Konde, ambapo vilima vinaisha, msitu wa Ngezi unafunga juu ya barabara, jua linapotea, na kundi zima linajikuta liko pamoja kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Kwa walioamua kuvuka: baskeli zinaingia melini kama mizigo, basi fikeni mapema bandari ya Malindi, mjini Unguja, kubalianeni malipo na wachukuzi kabla hawajashika kitu, geuzeni usukani ulale sambamba na fremu, vueni pedali, na kila baskeli iandikwe jina la mwenyewe. Zifungeni pamoja kwa kamba moja upande usiomwagiwa maji ya chumvi. Mkoani mtazikuta zote mahali pamoja.